Kisima Kilichopoa Chini

Baba yake Byamungu aliuawa kwa sababu ya sentensi moja. Alikuwa mchimba dhahabu huko Kamituga, Kivu Kusini, mwenye jicho la kuona mshipa wa dhahabu pale wenzake walipoona jiwe tupu. Jioni moja, pombe ya kasiksi ikiwa imempanda kichwani, aliwaambia wanywaji wenzake kwamba shimo la mwajiri wake limekwisha, mshipa umegeukia mlimani. Kesho yake walimkuta kwenye mtaro wa kuoshea mchanga, fuvu limepasuliwa kwa sululu. Byamungu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alimsaidia mama yake kumgeuza. Somo likamwingia siku hiyo na halikumtoka tena: kilicho chini ya ardhi ni cha mwenye shimo, na anayekitangaza anajitafutia kifo.

Kwa miaka mingi somo hilo lilimlisha. Alipokua aliajiriwa kushika mabomba ya mtambo wa kuchimbia, na wakubwa walimpenda kwa kuwa hana domo. Wenzake walipiga soga kuhusu mawe yaliyotoka. Yeye alikula muhogo wake kimya, akanawa, akaenda zake. Mkewe Georgette, mwanamke wa maneno makali, alikuwa akimwambia kwamba ameolewa na ukuta.

Mwaka 1996 vita vilifika Kamituga. Askari walimimina risasi kupitia mlango wa mbao wa mama yake bila hata kubisha hodi, na mama akafia nyuma ya mlango huo, mkono ukiwa bado umeshika komeo. Byamungu alimchukua Georgette, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, na mdogo wake wa mwisho, Emery, mwenye miaka tisa, wakatembea. Kwenye kizuizi kimoja kabla ya Bukavu askari mmoja alimpiga Georgette kitako cha bunduki tumboni kwa sababu hakushusha mzigo haraka. Mimba ilitoka njiani, kwenye majani, na mvua ilikuwa ikinyesha. Georgette hakuzaa tena. Tangu siku hiyo mtoto wao akawa Emery, na Byamungu alimbeba mgongoni siku ambazo hata yeye mwenyewe hakujua anasimama kwa nguvu za nani.

Walifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwanzoni mwa 1997, wakapewa kiwanja upande unaotazama mji mdogo wa Rugaaga. Jirani yao alikuwa Kantengwa, mjane wa Kinyarwanda aliyeishi hapo miaka mingi kabla yao, mrefu, mwenye ng'ombe watatu na ulimi wa kukwaruza. Alimwona Emery, mifupa mitupu, akamwita kwenye ua wake. "Kunywa, wewe kijiti," akasema, akampa maziwa kwenye kibuyu. Alimpa kila asubuhi kwa miaka miwili, na kila asubuhi alimtukana. Mtoto alinenepa kwa maziwa na matusi vilevile.

Pembeni mwa shamba la Kantengwa palikuwa na chemchemi ya maji moto, ambayo wenyeji waliiita kitagata. Watu wenye magoti mabovu walikuja kulowesha miguu, wengine na vidonda, na harufu ya yai bovu ilitanda mpaka barabarani. Hakuna aliyeligombea eneo lile. Yaliyogombewa kambini yalikuwa mengine: foleni ya maji, mpaka wa mtama, ng'ombe wa mtu aliyeingia kwenye maharage ya mtu. Byamungu aliona mwanamume akichomwa mkuki wa paja kwa ajili ya ndoo. Aliona mwingine akikatwa vidole vitatu kwa mfereji usiozidi upana wa nyayo. Wale waliokimbia vita walikuja navyo, vimekunjwa ndani yao, na ilitosha mtu kukanyaga mche wa mahindi vikunjuke.

Mwaka 2014 ikaja kampuni ya utafiti na mtambo juu ya lori. Walitaka kujua kama joto la kitagata linaweza kuzalisha umeme. Wakauliza nani anayejua kushika mabomba ya kuchimbia, na katika kambi nzima mtu alikuwa mmoja tu. Byamungu, mvi zimemjaa, akavaa kofia ngumu baada ya miaka kumi na minane, na mikono yake ikakumbuka kazi kabla ya kichwa chake.

Mkubwa wa kazi alikuwa injinia Swabulah, mwanamke wa Mbarara mjini, aliyevaa ushungi chini ya kofia ngumu na asiyependa upuuzi. Alimheshimu Byamungu kwa sababu hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Wakati wa chai alimweleza hesabu ya jambo lenyewe.

"Mzee Byamungu, watu wanaona moshi, wanafikiri ni umeme. Bado. Sisi tunataka digrii mia moja thelathini kwenda juu. Chini ya hapo, mtambo itakula pesa kushinda ile italeta."

"Na kwa nini serikali isijenge tu?" Byamungu akauliza.

"Bwawa, unaona maji kwanza, ndiyo unajenga. Huku unalipa kwanza, ndiyo unaona. Kisima moja refu inaweza kula dola milioni tano, na ikitoka baridi hakuna mtu wa kukurudishia. Benki haikopeshi mtu shimo, sebo. Ndiyo maana tunaanza na haka kadogo, mita mia tatu. Kenyewe katatuambia kama ile kubwa inafaa."

"Na kikitoka moto?"

"Ikitoka moto, inawaka mchana na usiku miaka thelathini. Haingoji mvua, hainunui mafuta. Mbarara yote inapata, na hapa pia inapata." Akamwaga masazo ya chai yake chini. "Ndiyo maana niko hapa na mbu."

Byamungu alielewa vizuri kuliko alivyodhani injinia. Ilikuwa dhahabu tena: unatia mali kwenye giza, na giza ndilo linaloamua.

Walipofika mita tisini shimo lilitapika. Maji ya moto yaliruka juu kuliko mtambo, yakawababua vibarua wawili. Ngozi ya mikono ya mmoja ilichunika mpaka kwenye kiwiko, naye akazunguka akipiga kelele huku wenzake wakishindwa pa kumshika. Nje ya uzio watu mia na zaidi walikuwa wakishangilia. Ndiyo, walishangilia, mtu akiungua mbele ya macho yao, kwa sababu waliona mvuke na kila mmoja akaona taa ndani ya nyumba yake. Mimi siwalaumu sana. Mtu aliyekaa gizani miaka ishirini haulizi mvuke umetoka wapi.

Walichimba hadi mita mia tatu, kisha Swabulah akaamuru shimo lifunikwe lipumzike majuma matatu. Matope ya kuchimbia hupoza mwamba. Ukipima mapema unapima matope yako mwenyewe. Basi mtambo ukanyamaza, na majuma hayo matatu ndiyo yaliyoleta msiba.

Katika nchi hii ardhi ikishapimwa kwa ajili ya barabara au nguzo za umeme, watu hukimbilia kupanda na kujenga ili wahesabiwe fidia. Ndivyo ilivyokuwa pale. Migomba ilisimikwa bila mizizi. Vibanda vya udongo viliota bila milango. Mkulima mmoja wa Rugaaga alivunjwa mkono kwa mpini wa shoka, na siku iliyofuata ndugu zake walimkamata aliyemvunja wakamng'oa meno ya mbele kwa jiwe, moja moja, wakihesabu. Kisha akatokea Hudu. Alikuwa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke zamani, sasa mfanyabiashara wa ngozi mjini Mbarara, kifua mbele, mfukoni karatasi zenye mihuri isiyo ya ofisi yoyote. Aliuza viwanja kandokando ya kisima kama mtu aliyevirithi. Hakuwa na haki hata ya kupanda kitunguu pale, lakini alikuwa na sauti ya kuamrisha, na watu waliokimbia askari maisha yao yote wanaisikia sauti hiyo kwa miguu.

Emery alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa na mke, Sonia, na pikipiki ya kubebea abiria iliyomlisha. Aliiuza pikipiki akampa Hudu fedha zote. Kiwanja alichoonyeshwa kilikuwa shamba la maharage la Kantengwa.

Siku ya Jumanne, asubuhi, shimo lilifunguliwa. Kazi ya Byamungu ilikuwa kushusha kipimajoto kwa waya, kusimama kila mita kumi, kungoja, kisha kutaja namba ili Swabulah aandike. Mita sitini: hamsini na tano. Mita tisini: sitini na nane. Swabulah alikuwa akitabasamu. Mita mia na ishirini: sitini na moja. Tabasamu likakwama. Mia mbili: arobaini na tisa. Mia tatu: arobaini na moja.

"Rudia," Swabulah akasema.

Akarudia, safari hii akipandisha waya. Namba zilikuwa zilezile.

Swabulah alikaa juu ya bomba. "Moto haitoki chini," akasema. "Inatoka mbali, inapita hapa kwa ufa, kama maji ya mfereji. Chini yake hakuna kitu. Ukiongeza kuchimba unazidi kupata baridi." Akafunga daftari. "Hakuna mtu ataweka pesa hapa. Imekufa. Lakini usiseme, mzee. Kampala watatangaza Ijumaa ya wiki kesho. Ukisema, mimi na wewe tumefukuzwa."

Hakuhitaji kumwambia. Alikuwa akizungumza na mtu aliyemgeuza baba yake mtaroni.

Mchana huohuo Emery alikuja kula kwa kaka yake. Georgette aliweka bugali na dagaa. Emery alikuwa na furaha iliyomfanya ale harakaharaka, akamwita kaka yake kwa neno la kwao, yaya.

"Yaya, samedi Hudu atakuja na bakijana kupima kiwanja yangu," akasema, akimaanisha Jumamosi. "Ule mama anakatala kutoka. Lakini karatasi ni yangu."

"Ngoja kidogo," Byamungu akasema.

"Ningojee nini?"

Byamungu alikata tonge, akalikandakanda vidoleni, akalirudisha kwenye sahani. Namba zote zilikuwa mdomoni mwake. Aliona kingo za mtaro, aliona sululu. "Ngoja tu," akasema.

"Batu beko banapata fasi yabo, mie ningoje?" Emery akacheka, akamgusa bega. "Yaya, weye unaogopa mambo mingi."

Georgette alilitazama tonge lililorudi kwenye sahani, akamsogezea mumewe dagaa.

Alhamisi Kantengwa mwenyewe alikuja kwenye uzio wa mtambo. Alikuwa amezeeka, lakini mgongo bado umenyooka. Alimwita Byamungu kwa kumtupia kijiwe.

"Wewe Byamungu. Huko chini kuna nini?"

"Mimi ni fundi wa mabomba tu, mama."

"Sikukuuliza kazi yako. Wanakuja kunitoa shambani. Niambie kuna kitu, nitaondoka, sina nguvu ya kupigana na serikali. Niambie hakuna, nitakaa, kwa sababu watachoka wataenda. Nataka neno moja tu."

Alikuwa na haki ya kulipata. Kwa lipi jingine alimnywesha yule mtoto maziwa miaka miwili? Byamungu alishika waya wa uzio, akafungua mdomo, na kitu pekee kilichotoka kilikuwa: "Sijui, mama."

Kantengwa alitema mate chini. "Basi nitakaa," akasema.

Jumamosi, jua likiwa limeshapanda, Hudu alikuja na vijana kumi, kamba ya katani na vigingi vya mti. Emery alikuja na panga la kufyekea. Kantengwa alisimama katikati ya maharage yake na jembe. Kutoka kwenye mtambo, hatua kama mia tatu, Byamungu alimsikia akiwatukana mmoja mmoja, Hudu kwanza. Kijana wa kwanza alipopigilia kigingi, mama alimpiga mpini wa jembe mdomoni na damu ikatoka. Hudu akapaza ile sauti yake ya kijeshi: "Wewe Mukongo, ni shamba yako ama si yako? Toa huyo!"

Byamungu alianza kukimbia.

Emery alimshika Kantengwa mkono. Mama akaunyakua, akageuka, akampiga kwa jembe lenyewe, ukingo wa chuma ukamchana bega mpaka shati likalowa. Emery hakufikiri. Mkono wenye panga ulipanda na kushuka, mara moja kwenye shingo, na mara ya pili mama alipokuwa tayari anaanguka. Mara hiyo ya pili ndiyo hakimu aliyomuulizia Emery baadaye.

"Chini kuko baridi!" Byamungu alikuwa akipiga kelele, akikimbia. "Hakuna kitu! Chini kuko baridi!" Sauti iliyokaa kifuani miaka yote ilitoka imepasuka, na watu waliomsikia walidhani amerukwa na akili. Alipofika, Kantengwa alikuwa amelala kifudifudi, vidole vyake vikikwangua udongo, kisha havikukwangua tena. Emery alisimama juu yake, akilitazama panga.

Yaliyofuata yalikuwa ya kasi. Wakwe na majirani wa Kantengwa walitoka pande zote na fimbo, mawe na mikuki. Emery alipigwa mpaka taya likakaa upande. Byamungu alijilaza juu ya mdogo wake, akapokea mengine yote. Jiwe moja lilimtoa jicho la kushoto na fimbo zikamvunja mbavu. Nyumba saba za Wakongomani zilichomwa kabla ya adhuhuri. Mbuzi walikatwa mishipa ya miguu wakaachwa wakilia wamekaa. Polisi walipofika kutoka Rugaaga walifyatua risasi hewani, na watu wazima walilala chini wakajikojolea, kwa sababu ya risasi nyingine za nchi nyingine. Hudu alikuwa njiani kuelekea Mbarara na fedha za watu. Hakuonekana tena upande ule.

Ijumaa iliyofuata kampuni ilitangaza, askari wakiwa wamezunguka mkutano. Swabulah alisimama juu ya lori akaeleza kwa sauti kavu: joto halitoshi, linapungua kadiri unavyoshuka, gharama haiwezi kurudi, kisima kitazibwa kwa saruji, hakuna fidia, hakuna mtambo. Mtu mmoja akauliza walijua lini. Swabulah hakuwa mtu wa kudanganya.

"Tulipima Jumanne ya wiki iliyopita," akasema.

Georgette alikuwa amekaa chini karibu na mumewe, ambaye kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji. Alihesabu taratibu. Kisha alinyanyuka akampiga kofi upande wa jicho lililokufa, mbele ya watu wote, akampiga tena, na Byamungu hakuinua mkono.

"Alikula kwa meza yangu ile siku," Georgette akasema. "Alikuuliza angojee nini."

Aliacha kusema na mumewe kwa miezi. Alimpikia, alimfulia, alimsafisha kidonda cha jicho kwa maji ya chumvi. Emery alihukumiwa miaka ishirini na miwili, akawekwa gereza la Mbarara. Sonia alirudi kwa jamaa zake kambi ya Oruchinga. Kila mwezi Byamungu alikwenda gerezani na sabuni na sukari, na kila mwezi alirudi bila kuwa amesema kitu. Mwanzoni mwa 2015 Georgette alivunja ukimya kwa maneno matatu tu: "Useme, ao niseme."

Akaenda. Waliketi pande mbili za wavu wa chuma, askari wa gereza akiwa amesimama nyuma na daftari lake la wageni. Taya la Emery lilikuwa limeunga vibaya, akazungumza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Yaya, nimefikiri mingi," akasema. "Sina hasira na mutu. Ile mambo ilitudanganya shiye bote. Hata Hudu, labda naye hakujua. Kama mutu mumoja angejua, angesema. Mutu hawezi kuona ndugu yake anaenda kuua juu ya bure, anyamaze."

Alikuwa amempa mlango wa kutokea. Byamungu angeweza kuitikia kwa kichwa, akaacha sabuni, akarudi nyumbani mtu mwema. Aliutazama uso ule uliokaa upande, na kwa mara ya kwanza maishani akamwogopa mtu mwingine kuliko alivyoogopa sululu.

"Mie nilijua," akasema.

Emery alimtazama kana kwamba hakusikia. "Ulijua nini?"

"Namba. Ni mie nilishusha ule waya. Chini kulikuwa baridi."

"Ulijua siku gani?"

"Mardi."

Emery alivipinda vidole vyake kimoja kimoja, Jumanne mpaka Ijumaa, polepole kama anayejifunza. "Siku ine," akasema. Kisha vidole hivyohivyo vilipenya tundu la wavu vikamkamata kaka yake nywele na sikio, vikamvuta mpaka shavu likabana kwenye chuma na kuchanika. Byamungu hakujitoa. Damu ilimwingia jicho lililobaki. Askari alipiga vidole vya Emery kwa rungu, mara nne, mpaka vikaachia.

Emery alisimama, akimeza pumzi, akiushika mkono uliovunjika. Hakuwa akilia. Alimwambia askari kwamba huyu mzee asiruhusiwe kuingia tena, hata akija na nini, na kwamba waliandike hilo.

Askari alifungua daftari. "Anaitwa nani?"

"Byamungu," Emery akasema. "Ni ndugu yangu, tumbo moja."